Kikishatumika, Kinaenda Wapi?

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na leso mbili nzuri, na kwa hayo nawashukuru. Kisha daktari mkuu akasimama, akasoma kwenye karatasi kwamba mimi, Zuhura, ndiye niliyeleta usasa katika hospitali yetu kwa kuondoa vyombo vya zamani na kuingiza vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Mkapiga makofi. Mimi nimekaa pale na hasira zangu, nikakirudisha kipande cha keki kwenye sahani. Mtu unafanya kazi ya stoo tangu usichana mpaka mvi, halafu siku ya mwisho unasifiwa kwa kosa lako kubwa kuliko yote.

Sikumkatiza. Yeye ni mgeni kwetu na alisoma alichoandikiwa. Lakini nilipofika nyumbani niliitundika ile saa ukutani, nikakaa, nikaona nisipoandika nitapasuka. Ninyi mnaobaki stoo mliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya kazi. Haya hapa, ila hayatakuwa mawili. Vyeo na mishahara sitavitaja, havimsaidii mtu kujua glavu ipi itapasuka. Jina la hospitali pia naliacha, maana ninyi mnalijua na mwingine halimhusu.

Mimi ni mtoto wa Kitui mjini, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nilizaliwa katika hospitali ile ile iliyokuja kuniajiri. Siku yangu ya kwanza stoo niliambiwa nihesabu mafurushi ya shashi, ile nguo nyepesi ya kufungia vidonda. Nilihesabu mpaka adhuhuri nikapata majibu matatu tofauti. Ndipo akaingia mwanamke mfupi mwenye viatu visivyo na mlio, akanitazama, akatazama shashi, akatikisa kichwa. Huyo alikuwa Sista Kalondu, mkuu wa chumba cha upasuaji. Mtu akisema Sista Kalondu anakuita, hata madaktari walikuwa wanafunga vifungo vya koti.

Aliniwekea mezani kisahani cha chuma kisichoshika kutu, kile chenye umbo la figo cha kuwekea vifaa na uchafu wa kidonda. "Kigeuze," akaniambia. Nikakigeuza. Chini kilikuwa na mhuri wa hospitali na mwaka wa kuletwa, na mwaka huo ulikuwa kabla sijazaliwa.

"Ulizaliwa wapi, msichana?"

"Hapa hapa, Sista."

"Basi hiki kilikuwepo. Kilikupokea, na sasa unakipokea wewe. Beba ile ndoo tufuatane."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila mtu mpya wa stoo, awe msomi wa chuo awe karani, Sista Kalondu alimfanya asindikize vifaa mpaka mwisho wa safari yao. Tulianza rafuni, tukaenda chumba cha upasuaji, tukapita chumba cha kufulia ambako mashuka ya kijani yalikuwa yakichemka, tukaona kisahani kikisuguliwa na kuingizwa kwenye otokleve, lile pipa la mvuke la kuua viini, na kutoka pale kikirudi rafuni. Halafu akanipeleka nyuma ya jengo kwenye shimo la taka. Zamani zile shimo lilikuwa dogo, lina majivu, vichupa na sindano. Akanisimamisha ukingoni, gambuti zangu, vile viatu virefu vya mpira, zimejaa vumbi.

"Utakuwa mnunuzi siku moja," akasema. "Watakuja watu na mabegi ya sampuli. Watakuambia kitu hiki ni rahisi, kitu hiki ni kipya. Wewe uliza jambo moja tu. Kikishatumika, kinaenda wapi? Na uulize kabla ya kuandika oda. Ukiuliza baadaye unajisumbua bure."

Nilifikiri ni maneno ya mama mwenye ukali. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo na nilijiona najua kila kitu.

Kule Kitui nilijifunza mengi ambayo hayaandikwi kwenye fomu. Nilijifunza kunusa glavu, maana mpira uliochoka una harufu yake. Nilijifunza kuvuta uzi wa shashi kwa jino kujua kama imefumwa ama imebahatishwa. Nilijifunza kwamba msaada unaotoka mbali hufika na maboksi mengi kuliko vitu, na kwamba mara nyingine vitu vyenyewe vimebakiza mwezi mmoja kabla ya kuharibika, na bado unatakiwa usimame upigwe picha unatabasamu. Nimetabasamu picha nyingi za namna hiyo.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya vipimajoto. Vilikuwa vya kioo, ndani vina zebaki, ile sumu inayong'aa. Vilivunjika kila wiki, na wafagiaji waliisukuma ile zebaki nje ya mlango kwa ufagio, kwenye ua ambapo watoto wa wagonjwa walicheza. Sista Kalondu alikuwa akipiga magoti, mtu wa umri ule, anakusanya vitone kwa kipande cha kadi na kuvitia kwenye chupa yenye maji. Nilimwona hivyo mara tatu. Mara ya nne niliandika barua kwamba stoo haitapokea tena kipimajoto cha zebaki, walete vya aina nyingine ama wasilete kitu. Niliitwa ofisini nikaambiwa nina kiburi. Vilipokuja vile vipya, Sista hakuniambia asante. Aliniletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, kwenye kibakuli chenye mfuniko, akaniachia mezani, akaenda zake.

Mume wangu alipohamishiwa upande wa Makueni nami niliomba uhamisho, na ndipo nikaja kwenu. Sista Kalondu alikuwa amestaafu wakati huo, na baada ya miaka michache alifariki. Nilisimama kaburini kwake na mwavuli wa jua nikijua kuna mtu sitampata tena wa kuniuliza maswali.

Hospitali yetu mnaijua. Iko upande wa chini, pakavu, upepo unashuka kutoka vilima vya Mbooni na kupita juu ya mabati yetu kwenda kwa majirani walio chini ya ua. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi na pampu ina tabia zake. Kwa hiyo maji ya kunywa, ya wodi na ya vijiji, ni ya mvua yanayokingwa kwenye paa. Kila nyumba ina gata, ule mfereji wa bati unaozunguka paa na kuelekeza maji kwenye tangi. Mtu wa huku anaweza kukopesha jembe, hata punda, lakini akikupa maji ya tangi lake mwezi wa Agosti ujue anakupenda.

Nilikuta kila kitu kama nilivyozoea. Chumba cha kufulia kilikuwa na akina mama wawili, kulikuwa na fundi wa hospitali na cherehani yake ya kukanyaga, anashona magauni ya upasuaji na kutia viraka mashuka, mshono ambao hata baba yangu angeukubali. Kulikuwa na visahani vya chuma, mabeseni ya chuma, vikombe vya chuma. Nyuma kabisa kulikuwa na tanuri dogo la matofali la kuchomea taka, na Kilonzo aliyekuwa analiwasha. Kilonzo ni mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

Halafu ukaja ule mwaka wa kiangazi kibaya. Pampu iliungua na mota yake ikakaa kwa fundi miezi. Mashuka yenye damu yalirundikana chumba cha kufulia mpaka harufu ikafika jikoni. Upasuaji uliahirishwa. Nilimwona mama mmoja mjamzito ametandikiwa karatasi ya nailoni iliyokatwa kwenye gunia la mbolea. Inataka moyo wa jiwe kuona hivyo na kurudi ofisini kunywa chai.

Ndipo akaja kijana mmoja wa kampuni ya vifaa, nadhifu, begi la sampuli, viatu vinang'aa katika vumbi lile sijui kwa dawa gani. Akafungua pakiti ya kuzalishia juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na shuka la plastiki, gauni, kofia, kisahani cha plastiki, beseni dogo la plastiki, bomba la plastiki, kila kitu kimefungwa ndani ya mfuko ulio ndani ya mfuko mwingine. "Mama, hapa hufui kitu," akasema. "Ukimaliza unatupa. Hutumii hata kikombe cha maji."

Hapo ndipo aliponikamata. Hakunipa hongo, na nisingeipokea. Alinipa kitu ambacho mtu wa Ukambani hawezi kukikataa wakati wa kiangazi, alinipa kuokoa maji. Nilitia sahihi siku ile ile. Swali la Sista Kalondu halikunijia hata kwa mbali, na kama lilinijia nililifukuza, maana nilikuwa nimechoka na akina mama walikuwa wanajifungulia kwenye gunia.

Kama ningeishia hapo ningejisamehe. Dharura ni dharura. Lakini mota ilirudi, maji ya kufulia yakarudi, na sisi hatukurudi. Tulikuwa tumeonja uvivu. Wodi zingine nazo zikataka pakiti, maabara ikataka, chumba cha upasuaji kikataka. Akina mama wa kufulia wakapelekwa kufagia, fundi akastaafu bila kurithiwa, cherehani yake ikafunikwa kwa gazeti. Kisha ikaitishwa bodi ya kuondoa vifaa chakavu. Mimi nilikuwa katika bodi hiyo. Tulisimama mbele ya rundo la visahani na mabeseni ya chuma, mazima, yanang'aa, tukaandika kwamba yamechakaa, kwa sababu hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika kwamba kitu ni kizuri ila sisi ndio tumeharibika. Lori likaja, wakabeba.

Wa kwanza kunionya alikuwa Kilonzo. Alikuja stoo asubuhi moja, macho mekundu.

"Mama Stoo, zamani nilikuwa nawasha Ijumaa peke yake. Sasa nawasha kila siku na bado inanishinda. Hii plastiki haiungui vizuri. Inayeyuka, inalia, inatoa moshi nyeusi. Ile tanuri ni ya bandeji na sindano, si ya haya mafurushi yenu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimpa barakoa. Nilimpa boksi zima la barakoa za karatasi, za kutupa, nikajiona nimemsaidia. Alizitumia, na zikiisha alizichoma humo humo. Namwomba msamaha hapa mbele yenu wote.

Wa pili alikuwa Nduku. Wengi wenu mnamwona getini akiuza maembe, lakini huenda hamjui nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya ua wetu. Ni mjane, anaishi na binti yake na mjukuu. Tangi lake la saruji lilijengwa na mwethya, kikundi chao cha akina mama wanaojengeana kwa zamu, wanabeba mchanga mgongoni kutoka mtoni, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Lake lilichukua kiangazi kizima kulijenga.

Aliingia stoo bila kubisha, ameshika dumu dogo.

"Wewe ndiye unanunua vitu ya hospitali?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi njoo uone ile ulinunua."

Nikamwambia malalamiko yanapelekwa ofisi ya utawala. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyomwambia. Akafungua dumu akaniwekea chini ya pua. Harufu ilikuwa ya begi la plastiki lililoachwa juani. Juu ya maji palielea utando mwembamba wenye rangi, na chini kulikuwa na chembe nyeusi.

"Mjukuu wangu alizaliwa kwenu," akasema. "Juu ya hiyo plastiki mpya. Nilishukuru, nikasema hospitali yetu imeendelea. Sasa moshi ya ile plastiki inakaa kwa bati yangu, mvua ikinyesha inaingia kwa tangi. Mtoto namwogesha na hiyo, uji wake unapikwa na hiyo. Mwaitu, mimi nifanye nini?"

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Mtu amekuja na hasira zake zote na bado ananiita mama yangu. Nilivaa gambuti nikamfuata.

Tulipofika uani kwake walikuwepo akina mama wa mwethya, kama kumi hivi, wamesimama. Afisa wa afya ya jamii alikuwa amewaeleza siku iliyotangulia kwamba plastiki, hasa ile laini ya mabomba na mifuko ya dripu, ikichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu inayotua pamoja na majivu, na kwamba kuchemsha maji hakuiondoi. Nduku alikuwa ameshaamua. Aliinama, akafungua bomba la chini la tangi, akaliacha.

Ilikuwa Agosti. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapita katikati ya miguu yetu, yakaingia kwenye ndengu zilizokauka na kwenda zake. Tangi lile lilichukua muda mrefu kuisha. Mwanamke mmoja mzee alianza kulia, na alikuwa analia kwa sababu alibeba mchanga wa lile tangi. Mimi nilisimama pale na viatu vya serikali ndani ya maji, nikasikia sauti ya Sista Kalondu waziwazi kabisa. Kikishatumika, kinaenda wapi? Kinaenda kwa Nduku. Jibu lilikuwa chini ya ua wetu siku zote, mwendo wa dakika tano, na sikuwahi kuutembea.

Nduku alipanda ngazi, akakigeuza kile kipande cha gata kinachoingiza maji tangini, akakielekeza uwanjani. "Hata mvua ikija, haitaingia tena," akasema. Tangu siku hiyo anakwenda mtoni na punda.

Nilirudi ofisini nimewaka moto, na hasira zangu za kwanza zilikuwa juu yangu mwenyewe. Mvua za Novemba zilipokuja, Kilonzo alinionyesha kitu kingine. Paa la wodi ya wazazi nalo liko upande wa moshi. Sisi tulioacha kufua ili tuokoe maji, tulikuwa tunayatia sumu maji ya wagonjwa wetu wenyewe. Nilimwendea daktari mkuu aliyekuwepo wakati huo.

"Mama Zuhura, moshi ni kazi ya afya ya mazingira," akasema. "Wewe ni stoo."

"Daktari, moshi unaingia kwa lango la stoo ukiwa ndani ya boksi. Mimi ndiye ninaupokea na kutia sahihi."

Akacheka. Nikamwambia sicheki.

Jumamosi moja nilikwenda Kasikeu, siku ya soko, kununua maharage. Mama muuzaji alikuwa anayapima kwa chombo kinachong'aa. Nikakitazama, nikaomba nikishike, nikakigeuza. Chini kilikuwa na mhuri wetu. Kisahani cha chuma cha wodi ya wazazi. Kandokando yake kulikuwa na vingine viwili, kimoja kina chumvi ya pilipili ya kunyunyizia maembe.

"Vizuri sana hivi," akaniambia. "Nimevipata kwa watu wa vyuma kuukuu. Haviishi hivi. Hata wajukuu wangu watapimia."

Nilitaka kumwambia vilikotoka na vilivyokuwa vikibeba, nikaogopa ataacha kuuza siku ile. Nilimwambia avichemshe vizuri kabla ya kuvitilia chakula tena, nikaona uso wake umebadilika, akaelewa. Mama wa sokoni alijua kwa kutazama tu kwamba chombo kile kina maisha marefu, na bodi nzima yenye vyeti ilikuwa imeandika kimechakaa. Nilibeba maharage yangu nikarudi nyumbani.

Jumatatu yake nilifanya jambo moja ambalo ndilo ningependa nisifiwe, kama mnapenda kunisifu. Nilikataa kutia sahihi oda mpya mpaka kamati nzima ya ununuzi isindikize pakiti moja mpaka mwisho. Walinung'unika, lakini bila sahihi yangu hakuna lori. Basi tukaenda, daktari mkuu mbele, muuguzi wa kuzuia maambukizi, mhasibu na kiatu chake cha kisigino. Tukaichukua pakiti rafuni. Tukaisubiri nje ya chumba cha kuzalishia, ikatoka imetumika, vitu vingine humo havikuguswa hata kidogo ila vilitupwa kwa sababu mfuko umeshafunguliwa. Tukaenda nayo kwa Kilonzo, akaitia motoni mbele yetu. Moshi ukatukimbiza. Kisha nikawashusha chini ya ua, nikawaonyesha tangi tupu na gata lililogeuzwa. Nduku aliwakaribisha vizuri. Aliwaambia tu, "Samahani, leo sina maji ya kuwapa."

Kwa mtu wa huku, kumwambia mgeni hivyo ni kujivua nguo. Daktari mkuu alitazama chini njia yote ya kurudi.

Hatukushinda vita vyote. Muuguzi wa maambukizi alithibitisha kwamba chuma na nguo vikifuliwa vizuri na kupita kwenye mvuke ni salama kama zamani. Wodi ya wazazi ikarudi kwenye visahani vya chuma na mashuka ya kitambaa, tukampata fundi mpya, tukaiondolea ile cherehani gazeti lake. Kwenye tenda tuliandika kwamba msambazaji aache mfuko ndani ya mfuko na alete mabomba yasiyo ya ile plastiki mbaya. Kijana wa sampuli alinipigia simu akasema narudisha hospitali nyuma. Nilimwambia ndiyo, naomba anisaidie kuvuta. Lakini chumba cha upasuaji, maabara na wodi mbili zilibaki kwenye vitu vya kutupa, kila mwaka ikisemwa mwaka ujao, na mimi miaka yangu ikaisha kabla ya mwaka ujao kufika. Daktari akahama, mwingine akaja, na katika faili ikabaki barua moja tu ya pongezi, ya mwaka ule wa kiangazi, inayosema Zuhura ameleta usasa.

Wiki ya mwisho kabla ya keki yenu nilikwenda kwa Nduku kumuaga. Tangi lake lina mlango mdogo wa fundi, uko wazi, ndani ameweka mabua ya kulisha mbuzi. Mjukuu amekua, alikuwa anamkimbiza kuku. Tulikaa, tukazungumza habari za magoti yetu. Kisha akaniuliza.

"Mwaitu, nasikia mmerudisha vyombo vya chuma."

"Wodi ya wazazi, ndiyo."

"Na moshi imepungua, naona. Wewe ndiye unajua ni nini inaingia huko. Mvua iko karibu. Nirudishe gata?"

Kazi yangu yote ilikuwa hiyo. Kitu kinashushwa kwenye lori, nakiangalia, nakinusa, natia sahihi kwamba kimepokelewa kikiwa kizuri. Nimetia sahihi za namna hiyo mpaka kidole kina alama. Nikageuka kutazama juu ya ua. Kilonzo alikuwa amewasha, na moshi, mwembamba kuliko zamani, ulikuwa unashuka na upepo kuja juu ya bati lile lile.

"Bado," nikamwambia.

"Kwa nini bado?"

"Kwa sababu ya wodi zilizobaki."

Akaniomba nimtajie. Nikamtajia, akahesabu kwa vidole, chumba cha upasuaji, maabara, wodi mbili. Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alisema, "Basi nitangoja," akaenda kumfungia punda madumu.

Kwa hiyo msinipigie makofi. Oda ya robo ijayo iko kwenye trei ya kushoto, sijaitia sahihi, nimewaachia. Kabla hamjaiandika, vaeni gambuti mtembee zile dakika tano.

Mvua imeanza juzi. Leo asubuhi Nduku alinipigia simu. Nilidhani kuna mgonjwa. "Sikiliza," akasema, halafu akaielekeza simu nje. Nikasikia maji yakishuka kutoka kwenye paa lake, mengi, mazito, yakipiga udongo wa uwanja na kwenda zake. Hakukata simu mpaka mvua ilipopungua, na mimi pia sikukata.